Mbio Tatu kwa Wiki Zinatosha

Dar es Salaam imejaa watu wanaoishi siku mbili ndani ya siku moja. Mchana wapo benki, dukani, wodini, kwenye ofisi za halmashauri. Saa kumi na moja jioni wameshaingia darasani kusomea shahada ya kwanza au ya pili, na saa tatu usiku bado wamesimama kituoni wakigombea gari la Mbezi au la Gongo la Mboto. Mwambie mtu wa namna hiyo aanze kukimbia, atakujibu kwamba muda hana, na anasema kweli.

Wapo wanaojaribu hata hivyo, wakaacha ndani ya mwezi. Mara nyingi kinachowaangusha ni kipimo walichojiwekea: kila siku alfajiri, kilomita kumi, bila kukosa. Hiyo ni ratiba ya askari kambini. Mwenye kazi na masomo anahitaji mbio tatu kwa wiki, mbili fupi na moja ndefu, basi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito, na kukimbia kunahesabika kwenye hayo mazito. Dakika 30 Jumanne, 30 Alhamisi na 50 mwisho wa wiki zinakuvusha. Vidokezo hivi vinahusu namna ya kuzipata hizo mbio tatu na kuzilinda zisiliwe na mambo mengine.

1. Panga wiki, usipange siku

Chukua karatasi Jumapili jioni. Andika kwanza vitu visivyosogea: saa za kazi, zamu, vipindi, ibada, vikao vya harusi ya ndugu, siku ya kuwasilisha kazi ya kikundi. Ukimaliza, utaona mianya. Huenda ikawa minne tu, nayo inatosha, kwa sababu unatafuta mitatu. Mmoja uliobaki ni wa akiba.

Mwanya wa akiba ndio unaookoa wiki nzima. Bosi akikuita Alhamisi asubuhi na mapema, hujapoteza kitu, unahamia Ijumaa. Anayepanga siku kwa siku akikosa moja huona ameshavunja utaratibu, na kuanzia hapo kila kukosa kunakuwa rahisi zaidi.

2. Asubuhi, lakini si kila asubuhi

Jioni ya mfanyakazi anayesoma ina wenyewe wengi: foleni, kikao kilichochelewa kuisha, mwalimu aliyesogeza kipindi. Asubuhi hakuna anayekudai bado. Jua la Dar huchomoza takriban kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo kwa nusu saa ya mbio si lazima uamke usiku wa manane.

Hapa pana mtego, na ningependa uusome polepole. Ukitoka darasani saa mbili usiku, ukafika nyumbani saa nne, ukala na kuoga, utalala karibu saa tano. Kuamka saa kumi alfajiri ukimbie ni kuukata usingizi kwa panga, na mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Usingizi ukipungua, ulichosoma jioni hakikai kichwani vizuri, miguu inakuwa mizito na mafua hayakuachi. Kwa hiyo fanya hesabu ndogo: asubuhi za kukimbia ziwe zile zinazofuata usiku usio na kipindi. Kama vipindi vyako ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, basi Jumatano na Ijumaa asubuhi ndizo zako, na mbio ndefu ziwe Jumapili. Kama una kipindi kila jioni, tumia dakika 20 za mchana katikati ya wiki, halafu mwisho wa wiki jilipe vizuri.

3. Iibe safari ya kazini

Mtu wa Kimara anayefanya kazi Posta anajua tofauti ya kuondoka saa kumi na moja na nusu na kuondoka saa kumi na mbili na nusu. Badala ya kulipia tofauti hiyo kwa kukaa kwenye foleni, ondoka mapema ukiwa na begi, fika mjini, kimbia nusu saa, oga, ingia kazini ukiwa macho. Ofisi nyingi zina bafu ambalo hakuna anayelitumia. Muulize mtu wa usafi, yeye ndiye anayejua ufunguo ulipo. Pasipo na bafu, taulo dogo lililoloweshwa, sabuni kidogo na shati safi vinafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Begi liandae usiku, mpaka soksi. Nguo za kazi zikunje kwa kuzizungusha badala ya kuzipanga bapa, hazitajikunja sana.

Na siku ambayo kukimbia kumeshindikana kabisa, shuka vituo vitatu kabla ya chako utembee kwa mwendo wa mtu aliyechelewa. Zamani Shirika la Afya Duniani lilitaka zoezi lifike dakika kumi mfululizo ndipo lihesabike. Mwongozo wake wa 2020 uliondoa sharti hilo, kwa hiyo hata dakika saba za kutoka kituoni hadi getini ni mali yako.

4. Kimbia polepole kuliko unavyotamani

Kama ningeruhusiwa kubakiza kidokezo kimoja tu, ningebakiza hiki. Wengi wetu tulijifunza kukimbia kwa mchakamchaka wa shule na kwa kushindana hadi kwenye mti wa mbali, kwa hiyo tukivaa raba tunaanza kwa kasi ya mashindano, pumzi inakata dakika ya sita, na tunahitimisha kwamba mbio si zetu.

Kipimo ni mdomo wako. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema katikati, kasi ni sawa. Ukitoa neno moja moja, punguza. Ukilazimika kutembea, tembea; dakika mbili za kukimbia na moja ya kutembea, ukirudia hivyo kwa dakika 25, ni mazoezi kamili kwa anayeanza. Moyo na mapafu huzoea haraka, ila kano na mifupa huchelewa, na ndiyo sababu magoti na ugoko huanza kuuma wiki ya tatu au ya nne, wakati mtu anajiona ameshaiva. Ongeza dakika chache tu kwa wiki, na kila baada ya wiki tatu rudi nyuma kidogo.

Tanzania imewahi kuwa na wakimbiaji wakubwa wa aina mbili. Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo pale Christchurch 1974, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1500. Alphonce Simbu alikaa ndani ya kundi la wenzake kilomita baada ya kilomita pale Tokyo, Septemba 2025, akangoja, akangoja tena, akachukua ubingwa wa dunia wa marathoni kwenye mstari kabisa, muda wake na wa Mjerumani aliyekuwa wa pili ukiandikwa sawasawa: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Bayi tumshangilie. Mwenye mtihani Ijumaa amfuate Simbu.

5. Chagua njia mbili, uzijue kama mfuko wako

Njia ya kwanza ianzie mlangoni kwako, ili usitafute usafiri wa kwenda kukimbia. Ipime kwa dakika: dakika 15 kwenda, 15 kurudi. Ya pili iwe ya mwisho wa wiki, mahali panapokufurahisha hadi usione saa zinavyokwenda.

Waliopo mjini wamebahatika. Barabara ya Toure na Coco Beach Jumamosi asubuhi zina wakimbiaji wa kila umri. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, linakupitisha juu ya bahari kwa kilomita moja hivi kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan, lina njia ya waenda kwa miguu, na upepo wake asubuhi ni raha tupu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina vilima vya kukomaza mapaja na miti inayoficha jua. Anayesoma pale hana haja ya kwenda kokote. Ukipenda mchanga, nenda maji yakiwa yamekupwa, ukimbie pale penye unyevu palipokaza. Saa ya kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo Jumamosi hii ikiwa nzuri, ijayo unaweza kukuta maji yamejaa hadi kwenye ukingo. Na kwa kuwa ufuko umeinama, geuka katikati ya safari ili mguu mmoja usibebe mzigo peke yake.

Usalama sasa. Magari yetu yanapita kushoto, hivyo pasipo na njia ya miguu kimbia upande wa kulia, uyaone yanayokuja. Bodaboda hazifuati upande, angalia kotekote hata kwenye barabara ya njia moja. Kabla jua halijatoka vaa nguo nyeupe au yenye rangi kali. Spika za masikioni ziache nyumbani, au ziba sikio moja tu. Dada anayekimbia peke yake abadilishe njia na saa mara kwa mara, amwambie mtu anakopita, na kama mtaa una giza asione haya kukimbia kuzunguka uwanja wa shule au wa kanisa ambako mlinzi anamwona. Ni haki yake kukimbia akiwa na amani, na mazingira yasiyompa amani yasimwite mwoga.

6. Jiunge na jogging ya mtaani

Temeke, Mbagala, Tandika, Ilala, Kigamboni: karibu kila kona ina kikundi cha jogging chenye fulana zake, viongozi wake na nyimbo zake. Mwisho wa wiki wanatoka alfajiri, wanaimba, wanapishana barabarani kwa shangwe. Zanzibar vikundi vya mazoezi vimepewa hata siku yao, tarehe 1 Januari, na hutoka kwa wingi kutoka wilaya zote.

Kwa mwenye ratiba iliyobana, kikundi kina thamani mara mbili. Kwanza, mbio ndefu ya wiki inakuwa imeshapangwa na watu wengine, wewe unafika tu. Pili, unakutana na fundi, muuguzi, mama wa genge na mwalimu, na uchovu wa ofisini unapata pa kutulia. Michango ipo, ya fulana na ya misiba, na ni jambo jema; ila uliza mapema ni kiasi gani, na kama huwezi kuhudhuria vikao vya katikati ya wiki, mweleze mwenyekiti tangu mwanzo. Wengi wataelewa wakisikia unasoma.

Kuna kundi moja la kujihadhari nalo: vijana wa mbele. Wakiondoka kwa kasi usiwafuate. Nyuma kuna mazungumzo mazuri zaidi.

7. Kubalianeni nyumbani

Hili haliandikwi sana kwenye makala za mazoezi, na ndilo linaloamua. Mwanamke anayefanya kazi na kusoma mara nyingi ana zamu ya tatu: chai ya asubuhi, sare za watoto, maji, chakula cha jioni. Kumwambia aamke mapema zaidi ni kumwongezea zamu ya nne. Kinachotakiwa ni mtu mwingine ashike kitu. Baba aandae watoto Jumatano na Ijumaa, mama akimbie. Kesho yake wabadilishane. Anayekaa na dada wa kazi au na mdogo wake, aombe asubuhi mbili tu, zitajwe kwa jina, zibandikwe ukutani jikoni.

Kusema "nitakuwa nakimbia kimbia" hakumpi mtu nafasi ya kukusaidia. Kusema "Jumatano, kuanzia saa kumi na mbili kamili hadi saa kumi na mbili na nusu" kunampa. Na watoto wakikuona unatoka na kurudi ukitabasamu, mwisho wa wiki watataka kwenda nawe.

8. Viatu kwanza, vingine baadaye

Saa ya kisasa, suruali ya kubana, chupa ya kiunoni, hivyo vyote vinaweza kungoja. Viatu haviwezi. Mitumba ya Karume ina raba nzuri za kukimbilia, lakini zikague: bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama ubao imekufa, weka kiatu mezani uone kama kimelala upande, pinda sehemu ya mbele, inapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjika. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya dole kubwa. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kutembea.

Kwa akina dada, sidiria ya mazoezi inayoshika vizuri ina uzito uleule wa viatu.

9. Kula kwa ajili ya siku yote

Mbio ya nusu saa asubuhi haihitaji mlo kabla. Maji, na ndizi moja ukipenda. Baada yake ndipo kula: chai ya maziwa na mayai mawili ya kuchemsha, au uji wa ulezi wenye karanga, au kiporo cha wali na maharage, ambacho sioni sababu ya kukionea aibu.

Tatizo kubwa zaidi lipo saa kumi jioni, kati ya kazi na darasa. Hapo ndipo chipsi na soda zinapomkamata mtu, kwa sababu amekula saa saba na atakula tena saa nne usiku. Beba kitu kwenye begi: muhogo wa kuchemsha, karanga, parachichi, machungwa mawili. Utakaa darasani bila kusinzia, na usiku hutakula sahani ya kukulaza na tumbo zito.

10. Dakika kumi za misuli, chumbani

Mara mbili kwa wiki, siku usizokimbia. Kuchuchumaa na kusimama mara 15, pushapu mara 8 (kwa kuegemea kitanda kama sakafu ni ngumu), kusimama kwa mguu mmoja wakati unapiga mswaki, kupanda na kushuka ngazi. Hakuna haja ya kulipia jimu. Mapaja yenye nguvu ndiyo yanayolinda magoti.

11. Wiki za mitihani ya chuo (UE), punguza, usifute

Mitihani ya mwisho wa muhula ikikaribia, kitu cha kwanza kutupwa ni mazoezi. Naelewa, hakuna anayetaka sapu, yaani mtihani wa marudio. Lakini fikiria siku yako ya kujisomea ilivyo: saa nne mezani, macho yamechoka, unasoma ukurasa uleule mara ya tatu. Dakika 20 za mbio nyepesi hapo huamsha akili kuliko kikombe cha tatu cha kahawa, na usiku usingizi unakuja wenyewe.

Kwa wiki hizo za mitihani, fanya hivi: mbio zote ziwe fupi, dakika 20, polepole, bila vilima na bila mbio ndefu. Ukirudi, kabla ya kuoga, eleza kwa sauti mambo matano unayokumbuka kutoka kwenye somo ulilokuwa unasoma. Usichoweza kukieleza ndicho cha kurudia. Siku yenyewe ya karatasi, tembea tu.

12. Mvua, joto na mfungo

Masika, Machi hadi Mei, barabara za mitaani zinajaa maji usiyojua kina chake. Usikimbie ndani yake. Mifereji iliyo wazi imevunja miguu ya watu. Kuruka kamba kibarazani dakika 15 kunatosha kabisa. Desemba hadi Februari shida ni joto la unyevu, kwa hiyo maliza kabla ya saa moja asubuhi na ukubali kasi ishuke.

Ramadhani, wafungaji wengi huona saa nzuri ni ile ya mwisho kabla ya futari, mbio nyepesi ya dakika 20 hadi 30 ukijua maji yapo karibu. Wengine hupendelea baada ya tarawehe. Vyovyote vile, mwezi huo ni wa kutunza ulichonacho. Kuongeza kungoje Shawwal.

13. Ukitaka mashindano, anza na almanaka ya chuo

Kuwa na tarehe mbele kunasaidia sana. Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi tangu 2003, ina kilomita 5 za kujifurahisha, nusu marathoni ya kilomita 21.1 na marathoni kamili ya 42.2. Hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na njia ya nusu marathoni hupanda kuelekea Mweka, kwa hiyo mtu wa Dar aliyezoea tambarare ajiandae kwa vilima. Kabla ya kulipa kiingilio, fungua almanaka. Kama mitihani imeangukia wiki hiyo, chagua mbio nyingine. Zipo nyingi sasa, karibu kila mkoa.

Kwa mbio tatu kwa wiki, anayeanza sifuri anaweza kufikia kilomita 5 baada ya miezi miwili na kilomita 10 baada ya minne. Nusu marathoni ipe muhula mzima wenye masomo mepesi. Marathoni kamili, kwa maoni yangu, ingoje hadi uvae joho.

14. Ukiumwa au ukikatika

Homa ni homa: usikimbie, nenda kapime. Malaria haitoki kwa jasho, na kukimbia ukiwa na homa ni kuuongezea moyo kazi isiyo ya lazima. Maumivu yanayokaa sehemu moja na kuongezeka kila unapokimbia nayo yanahitaji mapumziko na mtaalamu, siyo dawa ya kuchua peke yake. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua azungumze na daktari kabla hata ya mbio ya kwanza.

Ukikosa wiki moja, endelea ulipoishia. Ukikosa mwezi, kwa sababu ya safari ya kikazi, msiba au utafiti wa shahada, anza na nusu ya dakika ulizokuwa nazo na uchukue wiki tatu kurudi. Usijaribu kulipa deni la mbio ulizokosa. Fungua tu karatasi ya Jumapili jioni, tafuta mianya mitatu na mmoja wa akiba.